Kwa nini kimea kinagoma kwenye uji unaochemka?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Naandika kutoka Mvumi, Dodoma. Mama mkwe wangu anatengeneza kimea cha mtama. Akitia kijiko kimoja kwenye uji mzito wa mtoto, uji unalainika palepale. Mimi nikitia kimea kilekile uji ukiwa jikoni unachemka, hakuna kinachobadilika. Siku nyingine nilitia uji ukiwa umeshapoa, nikasubiri mpaka nikachoka. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema kimea kina vimeng'enya, na vimeng'enya hufa joto likizidi nyuzi 40. Lakini uji wa mama mkwe unaunguza kidole! Nani yuko sahihi? Na je, kimea ni salama kwa mtoto wa miezi minane?"

Mbukwa mama. Mama mkwe yuko sahihi kuhusu uji wake, na kijana yuko sahihi kuhusu mwili wake mwenyewe. Kinachowagombanisha ni hiyo namba 40, ambayo wanafunzi wengi huishika kana kwamba ni sheria ya vimeng'enya vyote duniani. Siyo. Kila kimeng'enya kina joto lake, na hata hilo joto halina maana ukilitaja bila kutaja muda. Karibu yote uliyoniuliza yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni umbo la kimeng'enya.

Tuanze na punje. Punje kavu ya mtama ina wanga tele, lakini karibu haina kabisa kimeng'enya cha kuuvunja, ndiyo maana unga wa kawaida haulainishi uji. Ukiiloweka, kiinitete kinaamka. Bado hakina jani la kujitengenezea chakula, kwa hiyo lazima kile akiba iliyomo ndani ya punje, na akiba hiyo ni wanga usioyeyuka. Kiinitete kinatengeneza vimeng'enya, kikubwa kati yao kikiwa amilesi, na kuvimwaga kwenye wanga ili uwe sukari. Unapoanika kimea juani siku ya pili au ya tatu unamkatiza mche katikati ya mlo wake. Mche unakauka, lakini amilesi inabaki nzima ndani ya punje ikisubiri maji.

Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walifanya karibu yaleyale anayofanya mama mkwe wako, ila kwa shayiri. Walichukua maji ya shayiri iliyoota, wakayatia alkoholi, wakapata unga mweupe. Chembe kidogo ya unga huo iliyeyusha wanga mwingi, na ulipochemshwa ulipoteza nguvu. Hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi, na kilitoka kwenye kimea. Kwa hiyo kijana akija na daftari lake la baiolojia, mwambie historia ya somo hilo ilianzia kwenye kazi ambayo bibi yake anaifanya uani.

Sasa uji. Wanga ni molekuli za glukosi zilizoungana kwa maelfu katika minyororo mirefu, mingine yenye matawi. Ukiwa mbichi, minyororo hiyo imebanana kwenye chembe ngumu. Maji yakipata moto, kwa mtama ni kuanzia nyuzi 68 hivi kwenda juu, chembe zinafura, zinanywa maji, na minyororo inachomoza na kushikana. Hapo ndipo mwiko unapoanza kuwa mzito mkononi. Uzito huo unategemea sana urefu wa minyororo, na amilesi ya kimea huikata katikati, popote inapopata nafasi. Mnyororo wa glukosi elfu moja ukikatwa mara moja tu unaweza kubaki vipande viwili vya mia tano. Mikato michache inatosha kuulegeza uji wote ilhali sukari yenyewe bado ni kidogo. Ndiyo maana ule uji uliokuwa unadondoka kwenye mwiko kwa mabonge, ndani ya dakika chache unachuruzika bila kukatika, lakini utamu wake unakuja baadaye, ukiuacha.

Jambo hilohilo unaliona kwenye bakuli la mtoto. Analishwa kwa kijiko, kijiko kinatoka mdomoni kinarudi kwenye uji, na nusu saa baadaye uji uliobaki umejitenga, maji juu na machicha chini. Watu husema uji umeharibika. Kilichofanya kazi hapo ni mate. Yana amilesi yao, na ile kidogo iliyoshika kwenye kijiko imeendelea kukata wanga bakulini.

Inakataje? Amilesi ni protini, yaani mnyororo wa asidi amino mia nne hivi uliojikunja mpaka ukapata umbo moja maalumu, na ubavuni mwa umbo hilo kuna mfereji. Mnyororo wa wanga unalala humo. Ndani ya mfereji kuna asidi amino tatu zenye tabia ya tindikali, kila moja mahali pake barabara. Zinakibana na kukivuta kifungo kati ya glukosi na glukosi mpaka kinadhoofika, molekuli ya maji inaingia, kifungo kinakatika. Vipande vinatoka, mfereji unabaki ulivyokuwa, unapokea mnyororo mwingine. Maji peke yake pia yangeweza kukikata kifungo hicho, ila uji ungesubiri miaka na miaka, kwa sababu kuna kizingiti cha nishati ambacho ni molekuli chache mno hukivuka. Kimeng'enya hukishusha kizingiti. Hakiongezi nishati, na hakiliwi na kazi yake, ndiyo sababu kijiko kimoja kinatosha.

Mjerumani Emil Fischer, mwaka 1894, alilieleza hili kwa mfano wa kufuli na ufunguo: kimeng'enya hupokea molekuli yenye umbo linalokifaa, nyingine hukataliwa. Amilesi haitagusa nyama wala mafuta. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland aliongeza kwamba kufuli lenyewe hujirekebisha kidogo ufunguo unapoingia. Kijana atakuwa na michoro hiyo. Ninachotaka aondoke nacho ni kwamba asidi amino zile tatu zikisogea hata kidogo, kazi imekwisha.

Hapo ndipo joto linapoingia, na hapo nimsahihishe kijana kwa upole. Vimeng'enya havifi, kwa sababu haviko hai. Suala hilo liliwagawa wanasayansi wakubwa wa karne ya 19 mpaka Eduard Buchner, mwaka 1897, alipoisaga hamira na mchanga, akaikamua, na majimaji yale yasiyo na seli hai yakachachusha sukari. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907. Kinachotokea kwenye joto kali ni kwamba umbo linafumuka. Ute wa yai unapogeuka mweupe kwenye kikaango ni jambo hilohilo: protini zake zimefumuka na kugandana, na ukilipoza yai halirudi kuwa ute.

Joto basi lina kazi mbili zinazopingana. Linapopanda, molekuli zinakwenda mbio zaidi, wanga na kimeng'enya vinakutana mara nyingi zaidi, na molekuli nyingi zaidi zinavuka kile kizingiti. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huweza kuifanya kasi iwe maradufu. Wakati huohuo mtikisiko unaanza kulegeza mikunjo ya protini. Kuna mahali kazi ya pili inaizidi ya kwanza, na mahali hapo si pamoja kwa kila kimeng'enya. Vya mwili wetu vimezoea nyuzi 37, na vingi huanza kupata taabu tunapopita 40 na kidogo. Hiyo ndiyo namba ya shuleni. Bakteria aitwaye Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za moto za Yellowstone kule Marekani, ana kimeng'enya kinachofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 72 na kuhimili 95 kwa dakika kadhaa; maabara duniani kote hukitumia kunakili vinasaba.

Amilesi ya kimea iko kati ya hao wawili. Mikunjo yake imeshikizwa na kalsiamu, na wanga ulioizunguka huikinga kiasi. Kwenye nyuzi 55 hadi 70 inakata kwa nguvu zote. Ikifika 80 inaharibika ndani ya dakika chache. Kwenye uji unaochemka, ambao hapa Dodoma ni nyuzi 96 hivi kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, inafumuka karibu mara tu inapotumbukia. Kimea chako hakikuwa kibovu, mama. Kilipoteza umbo kabla hujamaliza kukoroga.

Kwa nini basi mama mkwe hasubiri uji upoe kabisa? Kwenye nyuzi 35 amilesi ni nzima ila inakwenda taratibu, na wanga uliopoa unaanza kushikana upya na kuwa mgumu kukatwa. Ulisubiri ukachoka kwa sababu hizo mbili. Na kwa nini hatii kimea kwenye maji pamoja na unga tangu mwanzo? Kwa sababu wanga mbichi umejifunga kwenye chembe zake. Lazima uive kwanza, ufure, ndipo mnyororo upatikane. Yeye anapika hadi uji uive, anaepua, anakoroga kidogo mvuke upungue, ndipo anatia kimea. Uji wa hivyo ukiugusa kwa ncha ya kidole unakiondoa mara moja, lakini hautoki povu tena. Sufuria ya bati hufika hapo haraka. Chungu hukaa na joto muda mrefu zaidi. Mwenye kipimajoto cha jikoni apime, aanzie 65.

Baridi, kwa upande wake, haiharibu umbo. Inapunguza mwendo tu. Ndiyo maana mtama unaoloweshwa Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi kali hapa kwetu, unachelewa kuota, ukilinganishwa na ule wa Oktoba. Ndiyo maana pia unga wa kimea uliokauka vizuri, ukiufunika mahali pakavu na penye kivuli, unakaa miezi bila kupoteza nguvu nyingi.

Joto si peke yake. Nasikia akina mama wengi wakilalamika kwamba kimea "kimegoma" siku walizotia ubuyu, na hapo sababu ni tindikali. Zile asidi amino za kwenye mfereji hufanya kazi zikiwa na chaji fulani ya umeme, na chaji hiyo hubadilika kadiri tindikali inavyoongezeka au kupungua. Amilesi ya kimea hupenda pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) ya 5 hadi 6, tindikali kidogo, na hivyo ndivyo uji wa nafaka ulivyo wenyewe. Ubuyu na ukwaju huishusha hadi karibu na 3, na hapo kazi inasimama. Tia kimea kwanza, uji ulainike, ubuyu uje mwisho. Magadi ya mlenda yanaharibu kwa upande wa pili, kwa kuipandisha pH. Lakini hapa pia kila kimeng'enya kina makazi yake. Amilesi ya mate hupenda pH karibu na 7, wakati pepsini inayovunja protini tumboni hufanya kazi kwenye 2, mahali ambapo amilesi hiyo haiwezi. Kwenye togwa utaona jambo zuri: kimea kinavunja wanga kuwa sukari, bakteria wanaigeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo ikizidi inamsimamisha kimea mwenyewe.

Kuna na aina ya mtama. Ule mchungu, wenye tanini, yaani kemikali inayoupa uchungu huo, ambao hata kweleakwelea hawaushambulii sana, una tatizo ambalo halionekani kwa macho. Tanini hushikamana na protini, na amilesi ni protini. Unaweza kuotesha vizuri, ukakausha vizuri, ukapata kimea dhaifu kwa sababu kimeng'enya kimefungwa kabla hakijaanza. Zipo jamii Afrika Mashariki zinazoloweka mtama wa namna hiyo kwenye maji ya majivu, na wanafanya jambo la maana, kwani majivu hupunguza tanini. Mbegu nyeupe zisizo na tanini, kama Macia, hazina taabu hiyo.

Kiasi cha kimea nitakipita haraka. Ukizidisha kimea kazi inakwenda kasi zaidi. Ukizidisha unga bila kuzidisha kimea, inafika mahali mifereji yote imeshikwa na kasi haipandi tena. Leonor Michaelis na Maud Menten waliliwekea jambo hilo hesabu mwaka 1913, na kijana atakutana nayo akifika mbele. Kwako wewe, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha uji kinatosha kuanzia.

Sasa mtoto wa miezi minane, na hapa naomba unisome taratibu.

Tumbo lake ni dogo. Uji unaonyweka bila kimea hubeba unga kiasi cha asilimia 5 tu. Sehemu kubwa inayobaki ni maji. Mtoto anashiba maji kabla hajapata nguvu. Kwa kimea unaweza kuweka unga hadi asilimia 15 au 20 na uji ukabaki laini. Faida yote iko hapo. Kimea hakileti chakula kipya, kinakuruhusu kuweka unga mwingi zaidi. Nimeona wengi wakilainisha uji uleule mwepesi wa kila siku wakidhani wamemwongezea mtoto lishe, na inaniuma, kwa sababu wanafanya kazi kubwa bure. Pika uji mzito kama ugali laini, tia karanga zilizosagwa, ndipo uulainishe. Maziwa ya mama yaendelee.

Usalama una mambo matatu. La kwanza, mche wa mtama una kemikali iitwayo dhurini, na vimeng'enya vya mche huohuo huivunja na kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Sehemu kubwa sana ya dhurini iko kwenye mizizi na machipukizi. Kimea kikishakauka kifikiche vizuri, pepeta mpaka mizizi na machipukizi yote yatoke, ndipo usage. Usimpe mtoto wala mtu mwingine yeyote mtama ulioota ukiwa mbichi. Kwa mtoto mdogo mimi nashauri zaidi kimea cha ulezi, ambao hauna tatizo hilo kwa kiwango cha kutisha kama mtama, na unapatikana sokoni Majengo hata kama kwenu haulimwi.

La pili ni ukungu. Nafaka mbichi iliyorundikwa gizani ni makazi ya ukungu, na ukungu huweza kuzalisha sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kuchemsha hakuiondoi. Chagua punje nzima, zioshe, zitandaze kwa tabaka jembamba, geuza na nyunyizia maji safi, anika kwenye jua kali juu ya turubai au kichanja, si chini. Punje zenye manyoya au harufu ya uvundo zitupe, na usiwape kuku.

La tatu ni kurudisha uji motoni. Ukishalainika, uchemshe tena dakika tano hadi kumi bila kufunika. Bakteria walioingia wakati wa kuotesha wanakufa, sianidi iliyojitokeza inaondoka na mvuke, na amilesi nayo inafumuka, hivyo uji haulegei zaidi ya ulivyotaka.

Kijana anaweza kuyathibitisha haya mwenyewe kwa vikombe vitatu vya uji mzito wenye joto la nyuzi 65 hivi. Cha kwanza atie kijiko cha kimea. Cha pili atie kijiko cha kimea alichokichemsha kwanza na maji kidogo kwa dakika tano. Cha tatu atie kijiko kikubwa cha siki, akoroge, ndipo atie kimea. Avikoroge vyote na kuviweka ndani ya beseni la maji ya moto visipoe. Baada ya robo saa achote kijiko kimoja kutoka kila kikombe, akipunguze makali kwa maji, kikishapoa adondoshee tone la iodini ya duka la dawa. Asitumie ndimu wala ubuyu badala ya siki, kwa sababu vitamini C huifuta rangi ya iodini na atadanganyika. Uji wa majaribio hayo umwagwe, usiliwe.

Kikombe cha kwanza kitakuwa chepesi na rangi yake itaelekea kwenye wekundu au hudhurungi, kwa sababu minyororo imekuwa mifupi. Cha pili na cha tatu vitabaki vizito, na iodini itageuka bluu ya kukolea mpaka weusi. Mwalimu akimuuliza sababu, cha pili ajibu kwamba kimeng'enya kimepoteza umbo lake kwa joto, na cha tatu ajibu kwamba tindikali imevuruga chaji na umbo la mfereji wake.